Majina Yenye Ritifaa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na wifi yangu ameanza kazi hospitalini kwetu leo. Sijui ni kipi kimenilowesha zaidi.

Nimenunua daftari hili wakati wa kurudi kwa sababu sina wa kumwambia. Nyumbani tuko wanne: Mama, mdogo wangu wa kiume ambaye ni dereva wa malori ya safari ndefu na kati ya wiki nne tunamwona moja, mke wake ndiye huyo wifi, na mimi, niliyerudi kwa Mama miaka sita iliyopita ndoa yangu ilipovunjika. Kazini nina chumba kimoja chini ya ngazi na mashine moja. Mashine hiyo ndiyo seva ya hospitali. Ndani yake kuna databesi yenye majina ya wagonjwa elfu sitini na ushee, magonjwa yao, dawa zao, watoto wao waliozaliwa na waliokufa. Nimeitunza miaka kumi na moja. Watu wananiita Mama Mitambo, na sijawahi kuzaa.

Chumba kinavuja. Kwa hiyo mganga mkuu, ambaye sote tunamwita Bosi, ameleta seva mpya ya kuwekwa ghorofani, yenye Linux mpya, yaani mfumo unaoiendesha mashine, na databesi mpya. Yetu ni toleo la tisa. Wenzetu wako la kumi na sita. Kazi hii ya kuhama na kupandisha toleo niliiomba mimi, kwa barua, miaka miwili iliyopita. Nikaambiwa nivute subira. Nimeivuta mpaka imekatika. Leo asubuhi Bosi kaingia na mtaalamu wa mkataba wa miezi mitatu, kasema, "Nadhani mnafahamiana."

Tunafahamiana! Asubuhi hiyo hiyo tulikunywa chai ya birika moja, akanisogezea sukari, hakusema kitu.

"Nilitaka kukushtukiza, dada," ananiambia huku anacheka.

Nimeshtuka.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Kuku mgeni, wanasema, hakosi kamba mguuni. Huyu nimemwangalia miguu yote miwili. Hana.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemkabidhi kazi. Nilichapa kurasa kumi na nne: mashine inavyowashwa umeme ukikatika, nakala za akiba zinawekwa wapi, nani ana ruhusa ya kuona nini. Alizisoma zote akiwa amesimama, kisha akasema, "Dada, umeandika vizuri kuliko vitabu." Nikajiuliza anataka nini.

Nikampa ufunguo wa seva. Ulikuwa na uzi mweusi niliouosha mara ngapi sijui. Kufika mchana ulikuwa na utepe mwekundu.

Karani wa mapokezi, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, aliniuliza mbele za watu, "Sasa Mama Mitambo, mwenzetu utakuwa unafanya nini?"

Nikasema nitakuwa nasimamia. Akasema, "Ahaa," kwa ile sauti yake.

Jioni tulirudi chini ya mwavuli mmoja, wake. Yeye ni mrefu. Maji yote ya upande wangu yaliishia begani kwangu.

Jumatano, 13 Machi

Mvua kutwa. Ndoo mbili chini ya paa. Sikufanya kitu.

Jumapili, 17 Machi

Mama alikuwa chumbani kwake, mimi jikoni naosha vyombo. Akaita, "Mwanangu!"

"Bee, Mama," nikaitika, nikaanza kukausha mikono.

"Siyo wewe. Huyo mwingine."

Alitaka kusukwa nywele. Miaka yote nywele za Mama nilizisuka mimi, mistari minne kurudi nyuma. Wifi kamsuka mistari midogo midogo, imezunguka kama kikapu, na Mama kashika kioo kajiangalia kama msichana. "Hebu njoo uone," akaniambia, "nimekuwa wa leo!"

Amependeza. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa amemharibu ningelala vizuri.

Alhamisi, 21 Machi

Leo nimefanya jambo, au tuseme sikulifanya. Nitaliandika kama lilivyo.

Databesi haipitii majina elfu sitini yote kila ukimtafuta mtu. Ina faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu, iliyopangwa kwa alfabeti, ndiyo inayoielekeza moja kwa moja mahali mtu alipo. Sasa Linux ya zamani inapopanga majina huiruka ile alama ndogo ya ritifaa, ile ya katikati ya ng' na herufi inayofuata, kana kwamba haipo. Linux mpya huihesabu. Ukiibeba faharasa iliyopangwa kizamani ukaiweka kwenye mashine inayotafuta kisasa, ni sawa na kumwendea mtu nyumba ya tatu ilhali yeye alipewa ya tisa. Unabisha hodi, haitikii mtu, unaandika: hayupo. Na yupo! Mashine haitoi kosa wala onyo. Dawa yake ni amri moja tu ya kuijenga upya faharasa ukishahama. Dakika arobaini hivi.

Nayajua haya kwa sababu miaka miwili iliyopita, nilipoandika ile barua, nilichukua kompyuta kuukuu ya stoo nikajaribu safari nzima peke yangu. Wiki mbili. Nilipogundua kwamba majina yenye ritifaa yanapotea, nilipiga kelele ya furaha hadi mfagiaji akaja kuniangalia. Nikayaandika kwenye daftari langu la kijani. Kwenye zile kurasa kumi na nne sikuyaweka. Nilijiambia nimesahau.

Leo wifi alivuta kiti akakaa mbele yangu, kalamu mkononi. "Dada, kabla sijaufunga mpango wangu. Nitahamisha mafaili ya databesi kama yalivyo halafu nipandishe toleo palepale, maana kuandika kila kitu upya kutachukua siku mbili na hospitali haiwezi kufungwa siku mbili. Kuna kitu chochote ambacho hakimo kwenye karatasi zako? Wewe ndiye unayeijua."

Daftari la kijani lilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa mapajani.

"Kila kitu kimo," nikasema.

Akaniamini. Hata hakunitazama mara mbili.

Jumatatu, 25 Machi

Amefanya jaribio la kuhama kwa kutumia nakala. Alihesabu rekodi zote, zimelingana mpaka ya mwisho. Akatafuta majina ishirini, yote yakaonekana. Majina ya ukoo wake na ya marafiki zake. Kwao hawana ng'. Bosi alimpongeza kwenye korido. Mimi katika miaka kumi na moja nimepongezwa mara moja, na ilikuwa ni kwa kutengeneza feni.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Redio anasema Bosi anataka kumwajiri moja kwa moja. Ameniambia huku ananipa pole, na pole yenyewe ilikuwa imeshanoga mdomoni.

Jumatano, 3 Aprili

Leo nilikuwa nimwambie. Wallahi nilikuwa nimwambie. Tulikuwa njiani, chini ya ule mwavuli wake, maji yanapita barabarani kama mto, na yeye ndiye aliyekuwa analowa maana alikuwa ameuinamisha upande wangu. Nikajisemea, huyu hana baya. Nikafungua mdomo. Yeye akatangulia:

"Dada, Mama ameniambia mkataba ukiisha nihamie chumba cha mbele, ati kina mwanga wa kufanyia kazi. Sasa mimi nika—"

Chumba cha mbele ni changu.

Sikungoja kilichofuata. Nilitoka chini ya mwavuli nikakanyaga dimbwi hadi kwenye kifundo cha mguu, nikatangulia peke yangu. Nilimsikia ananiita. Mvua ilikuwa kubwa, mtu anaweza kudai hakusikia.

Alhamisi, 4 Aprili

Nina mafua. Mama kaniletea supu. Nikamuuliza, "Mama, kuna jambo unataka kuniambia?" Kasema, "Kunywa supu." Basi.

Jumapili, 14 Aprili

Siku yenyewe. Bosi aliamuru hospitali ifanye kazi kwa karatasi kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Tulikuwa watatu ghorofani: wifi kwenye kiti, Bosi mlangoni, mimi kando ya dirisha nikishika chupa ya chai kama mhudumu.

Lazima niseme ukweli, anajua kazi. Anaandika amri, anasita, anaisoma kwa sauti ya chini, ndipo anabonyeza. Alizima databesi ya zamani kwa upole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto. Akahamisha mafaili. Akaendesha ukaguzi wa kwanza, ukapita. Akapandisha toleo. Mistari ikatiririka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mwisho wake "sawa", "sawa", "sawa". Saa tano na robo ikawaka. Toleo la kumi na sita.

Bosi akapiga makofi. Wifi akageuka, akaniangalia mimi, siyo Bosi. "Dada, tumeweza!"

Tumeweza. Neno hilo "tu" lilinichoma kuliko kama angesema nimeweza.

Jumatatu, 15 Aprili

Asubuhi nilifika kabla ya wote nikaingia kwenye seva mpya kwa jina langu. Nilichukua majina saba ninayoyajua, wagonjwa wa siku nyingi, yote yana ritifaa. Nikayatafuta moja baada ya jingine.

Matatu yapo. Manne: hayupo, hayupo, hayupo, hayupo.

Nilijiegemeza kwenye kiti. Siwezi kudanganya daftari langu: nilifurahi. Furaha ya moyo mzima, ya kufunga mdomo kwa mkono. Jumatano kuna kikao cha idara zote. Hapo nitasimama niseme, kwa utaratibu, bila kupandisha sauti: mheshimiwa Bosi, kuna tatizo, na nililigundua miaka miwili iliyopita, na dawa yake ninayo. Siku mbili tu. Nani atakufa kwa siku mbili?

Nimeandika sentensi hiyo na sasa ninaiangalia.

Jumanne, 16 Aprili

Hakufa. Naanza na hilo.

Saa nne asubuhi nilikuwa napita mapokezi nikienda kuchukua karatasi za printa. Dirishani alisimama mama mjamzito, ameshika ukingo kwa mikono miwili, kanga imelowa. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka tangu jana yake. Barabara yao ilikatwa na maji, ndiyo maana kachelewa. Redio alikuwa anaandika jina lake kwa sauti, herufi moja moja. Jina la ukoo lilianza na ng'.

"Hayupo," Redio akasema. "Mama, hujawahi kutibiwa hapa."

"Nimetibiwa hapa. Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia hapa hapa."

"Mashine inasema hupo. Ni mpya hii, haikosei. Nakufungulia faili jipya."

"Andika basi kuna sindano inanikataa. Jina lake silijui, lakini mliiandika ninyi. Iko kwenye faili langu."

"Faili gani, mama, na hupo?"

Nilisikia. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Nilisikia jina, nilisikia "hayupo", nikajua kwa uhakika kabisa ni kwa nini. Na nilichowaza ni hiki: huyu atakuwa mfano mzuri kesho kwenye kikao. Nikachukua karatasi zangu. Nikapita.

Dakika ishirini na tano baadaye niliona watu wanakimbia kuelekea wodi ya wazazi. Sista mkuu alikuwa ameagiza penisilini kwa ajili ya kumkinga na maambukizi, kama wanavyofanya kwa kila mama ambaye chupa imekaa muda. Faili lilikuwa jeupe. Alimuuliza mgonjwa, mgonjwa akasema kuna sindano inamkataa, Sista akapiga simu mapokezi, mapokezi wakasema hana rekodi, ni mgeni, labda anachanganya na hospitali nyingine. Sindano ikaingia.

Nilifika mlangoni nikamwona. Uso umevimba mpaka macho hayaonekani. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayenyonya hewa kwenye mrija ulioziba. Sista alishapanda kitandani kwa goti moja, anamchoma dawa ya kumrudisha, anapiga kelele aletewe oksijeni, na mkono wa yule mama ulikuwa unapapasa hewani unatafuta cha kushika. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kumpa. Mimi nilikuwa na miwili, nimekumbatia karatasi za printa.

Nilipanda ngazi mbio. Wifi alikuwa anakunywa chai.

"Jenga upya faharasa," nikamwambia. "Zote. Sasa hivi. Majina yenye ritifaa hayaonekani."

Akaniangalia. Nusu ya dakika, pengine. Kisha akageuka akaandika amri. Hakuuliza nimejuaje. Dakika thelathini na nane tulikaa tukiangalia kioo. Ilipoisha akalitafuta lile jina, nikiwa nimemtajia mimi, na faili likafunguka: miaka mitano iliyopita, mstari mwekundu, herufi kubwa. MZIO MKALI WA PENISILINI.

Saa nane mchana akajifungua kwa upasuaji. Mtoto wa kike, kachelewa kulia lakini kalia. Mama wa mtoto yuko chini ya uangalizi, macho yameanza kufunguka.

Mvua haijakatika tangu asubuhi. Siwezi kula.

Jumatano, 17 Aprili

Kikao. Nilikuwa nimekaa kiti cha nne kutoka mlangoni na sikusimama.

Wifi alisimama. Akaeleza mambo ya alfabeti na ritifaa kwa maneno ambayo hata mpishi aliyaelewa. Akasema, "Kosa ni langu. Nilipaswa kujenga upya faharasa mara tu baada ya kuhama, na nilipaswa kujaribu majina ya watu wote, siyo ya watu ninaowajua mimi."

Bosi akamuuliza, "Hapakuwa na mtu wa kukuonya?"

Niliuvuta mkoba wangu mapajani.

"Hapakuwa," wifi akasema.

Redio alikuwa analia waziwazi. Bosi akasema atatafakari kuhusu mkataba.

Nyumbani wifi alipita moja kwa moja chumbani. Mama akanong'ona, "Amekuwaje mwanangu?" Nikasema kichwa kinamuuma. Nilipolala nikagundua kwamba mchana kutwa, katikati ya aibu yote ile, nilikuwa namwonea wivu: alivyosimama, alivyosema "kosa ni langu" na dari isianguke.

Alhamisi, 18 Aprili

Aliniita ghorofani baada ya chakula cha mchana. Akafunga mlango. Siku zote ananiita dada, leo akasema, "Kaa, wifi."

Mezani kulikuwa na karatasi moja. Seva huandika kila aliyeingia na alichokitafuta. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiwekea tabia hiyo, miaka ile, ili kuwalinda wagonjwa.

"Jumatatu, saa moja na dakika kumi na mbili," akasoma. "Jina lako la kuingilia. Majina saba, moja baada ya jingine. Yote yana ritifaa. Nililiona hili juzi jioni."

Nikauliza, "Sasa jana kikaoni kwa nini hukusema?"

"Usifikiri nilikuhurumia." Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonitisha. "Miaka minne naishi nyumba ile. Wewe na Mama mkiwa jikoni mnacheka, mtu anawasikia tangu getini. Nikiingia mnanyamaza, mnanipisha kiti. Kiti! Mimi sitaki kiti, nataka kuambiwa kilichochekesha. Nikianza kumsuka Mama, kila mstari ananiambia mwanangu wa kwanza alikuwa anabana hivi, mwanangu wa kwanza ana mkono mwepesi. Basi jana nikasema: acha, hiki nitakaa nacho. Siku moja nitamwekea mezani mbele ya mama yake. Nilikuwa nakuonea wivu hata siku unapougua, unavyoletewa supu."

"Na chumba cha mbele?"

"Nilikataa! Nilikuwa nakwambia nimemwambia Mama hapana, hicho ni cha dada. Ukaingia dimbwini."

Nje mvua ilikuwa nyepesi, ile ya kusuasua.

"Nimeiangalia hii karatasi tangu juzi," akasema, "na haijanipa raha hata ya dakika moja. Ichukue. Fanya unavyojua."

Nimeileta nyumbani. Iko hapa ndani ya daftari. Sijui wivu wake na wangu upi ulikuwa mkubwa. Nimejikuta nauonea wivu hata wivu wake, kwa sababu wake haukumchoma mtu sindano.

Ijumaa, 19 Aprili

Nilikwenda kwa Bosi saa mbili kamili nikiwa na karatasi ile na daftari la kijani. Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika miwani mkononi.

"Kwa hiyo ulijua tangu Machi."

"Nilijua tangu miaka miwili iliyopita."

"Na Jumanne ulisikia jina lake dirishani."

"Nilisikia."

"Ukafanya nini?"

"Nilipita."

Aliandika neno hilo. Niliona kalamu inavyoliandika, neno fupi. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatafuta muda mrefu, akatoa barua yangu ya zamani. Akaisoma pale pale, mara ya kwanza nadhani. "Hii nilipaswa kuijibu," akasema. "Lakini haikupi haki."

"Hainipi," nikasema.

Nimeondolewa kwenye seva. Barua ya onyo la mwisho. Kuanzia Jumatatu nitakaa mapokezi, dirisha la pili, kando ya Redio. Wifi amepewa kazi yangu.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemwambia Mama. Wifi alikuwepo, nilitaka awepo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akaivaa tena.

"Na yule mwenyewe?" akauliza. "Aliyechomwa. Ulimwambia?"

Nikasema Bosi amemwandikia, hospitali imemwomba radhi.

"Sikuuliza hospitali," Mama akasema.

Kisha akageuka akatazama dirishani, na hakumwita yeyote mwanangu siku nzima.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilikwenda wodini kabla ya zamu. Yule mama aliruhusiwa jana. Nilihisi afueni, na nikajichukia kwa afueni hiyo.

Jumatano, 1 Mei

Mvua, lakini ya asubuhi tu. Redio ananifundisha kazi ya dirisha. Anazungumza saa nane mfululizo. Sikuwahi kujua kwamba kila mgonjwa anayefika yeye humuuliza kama amekula. Sikujua pia kwamba tangu siku ile hakuna anayeambiwa hayupo mpaka Redio amtafute kwa njia nne tofauti, na akimkosa anapanda ghorofani kwa miguu kumuuliza wifi.

Ijumaa, 10 Mei

Leo wifi kashuka kuniuliza kwa nini nakala ya akiba ya Alhamisi huwa kubwa kuliko nyingine. Nilijua jibu. Nilimwambia, pamoja na sababu mbili ambazo hakuziuliza. Akaandika yote. Alipokuwa anapanda ngazi na ufunguo wake wenye utepe, kitu kilinifinya hapa chini ya mbavu, kile kile, hakijahama. Nimekizoea kama mtu anavyozoea goti bovu.

Jumapili, 12 Mei

Mdogo wangu yuko nyumbani. Jikoni nilimsimulia Mama jinsi Redio alivyomfungulia faili mgonjwa huku akimsimulia posa ya binti yake, akaandika jina la bwana harusi kwenye nafasi ya ugonjwa. Wifi akaingia. Mama akanyamaza kwa mazoea. Mimi nikaanza upya, tangu mwanzo, na posa yote.

Alhamisi, 23 Mei

Hakuna mvua. Siku ya tano sasa.

Saa tatu alikuja. Nilimjua kwa mikono kabla ya uso, jinsi alivyoushika ukingo wa dirisha. Mtoto alikuwa mgongoni, wa wiki tano, kliniki. Nikaandika jina lake. Faili likaja papo hapo, mstari mwekundu juu. Ningeweza kumpa namba akaenda zake.

Nilimwomba Redio ashike madirisha yote mawili, nikatoka nje ya mlango, nikamkaribisha benchi. Nikamwambia. Sikusema mambo ya Linux wala ya alfabeti. Nilisema, "Siku ile nilikuwa nyuma yako. Nilijua una faili, na nilijua kwa nini halionekani. Sikusema, kwa sababu nilikuwa na ugomvi wa moyoni na mtu mwingine. Siyo mashine. Ni mimi."

Mtoto alijinyoosha, mama yake akamtuliza kwa kupigapiga mgongo.

"Pale dirishani nilisema," akasema hatimaye. "Wodini nikasema tena. Nikafikiri labda nimeota, labda kweli sijawahi kuja hapa. Mtu ukiambiwa na watu wote kwamba hupo unaanza kuamini." Akanigeukia. "Kumbe kuna aliyenisikia."

"Nilikusikia."

"Basi niandikie jina la hiyo sindano. Kwenye karatasi. Sitaki tena kungoja mashine inijue, wala mtu."

Nikamwandikia kwa herufi kubwa. Aliiangalia ile karatasi, akanirudishia. "Nisomee."

"Pe-ni-si-li-ni."

"Tena."

Nikasoma tena, na tena, akifuata kwa midomo, mpaka akaweza kulitamka bila mimi. Kisha akakunja karatasi mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga, akainuka. Hakuniaga. Alikwenda korido ya kliniki akilisema lile neno chinichini, kwa mwendo wa kumbembeleza mtoto, mpaka alipokata kona.